Gesi imepungua, na fundi anataka kujenga mtambo mkubwa zaidi: nimsikilize?

Swali: Mimi ni mstaafu wa jeshi, ninaishi nje kidogo ya mji wa Tororo, Uganda. Nina ng'ombe 4 chotara wa Friesian ninaowafuga bandani: wawili wanakamuliwa, mtamba mmoja na ndama mmoja. Mwaka jana nilijengewa mtambo wa bayogesi wa kuba, wa mita 9 za ujazo. Miezi miwili ya kwanza tulipika muda wa saa 5 kwa siku, mpaka maharage yalikuwa yanapikwa kwa gesi. Sasa moto haufiki hata saa moja, unawaka manjano na kurukaruka. Kijana wa bandani anaweka makarai 2 ya samadi kila asubuhi, kisha anaosha sakafu kwa jerikeni kama 10 za maji, na maji yote yanateremkia kwenye mtambo. Fundi anasema mtambo ni mdogo, nijenge mwingine wa mita 13. Jirani anasema nitie yurea. Nimsikilize nani? Na je, gesi hii inaweza kuendesha jenereta?

Jibu:

Afande, kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao, na usinunue hata mfuko mmoja wa saruji. Mtambo hautengenezi gesi, kama vile sufuria haitengenezi posho, yaani ugali. Ukitia kibaba kimoja cha unga kwenye sufuria ya harusi, utapata posho ya kibaba kimoja. Mtambo wa mita 13 ukilishwa makarai 2 utakupa gesi ya makarai 2, tena utakuwa umepoteza pesa ya matofali.

Tuanze na hesabu, maana katika barua yako majibu mengi tayari yamo.

Samadi mbichi ya ng'ombe anayelishwa bandani hutoa gesi lita 35 hadi 40 kwa kila kilo, ikipata muda wa kutosha ndani ya mtambo. Karai la fundi lililojaa samadi lina kilo 11 hivi, kwa hiyo makarai 2 ni kilo 22. Hizo ni gesi lita 800 kwa siku. Jiko la kichomeo kimoja hula lita 350 hadi 400 kwa saa. Kwa hiyo hata mambo yote yangekuwa sawa, ungepika saa 2 tu.

Sasa tazama ulicho nacho bandani. Ng'ombe chotara anayekamuliwa hutoa samadi kilo 18 hadi 22 kwa siku, wawili ni kilo 40. Mtamba anaongeza 10 au 12, ndama 4. Jumla kama kilo 55. Mafundi wengi hukadiria kilo 6 za samadi kwa siku kwa kila mita moja ya ujazo wa mtambo wa kuba; mara 9, unapata kilo 54. Aliyekupimia mtambo mwanzoni alipima vizuri kabisa. Mtambo wako na ng'ombe wako wanalingana. Kilo 55 zingekupa gesi mita 2 za ujazo, yaani saa 5 za kupika, zilezile ulizozizoea. Swali ni kilo 33 zinazobaki zinakwenda wapi kila siku. Mara nyingi zinakwenda kwenye lundo nyuma ya banda, au kijana ameambiwa makarai 2 na mtu fulani siku ya kwanza na hajawahi kuulizwa tena.

Utaniuliza: mbona makarai hayohayo 2 yalitosha miezi miwili ya kwanza? Hayakutosha. Ulikuwa unakula akiba. Mtambo wa mita 9 ulipoanza ulijazwa kwa mkupuo mmoja samadi ya karibu tani 3 na nusu na maji kiasi hichohicho. Mzigo ule ulikuwa na gesi ya kama mita 120 za ujazo, na ulikuwa ukiitoa kidogo kidogo, mita 2 kwa siku, kwa siku kama 60. Akiba ilipokwisha, mkabaki na mshahara wa kila siku, ambao ni makarai 2. Hii ndiyo sababu mitambo mingi husifiwa siku ya uzinduzi na kulaaniwa mwezi wa tatu, na lawama humwangukia fundi ambaye hana kosa. (Huyu wako kosa lake ni la sasa, la kutaka kujenga kabla ya kupima.)

Jambo la pili ni maji. Jerikeni 10 ni lita 200. Ukiongeza kilo 22 za samadi, kila siku unasukuma ndani lita 222, na lita 222 zinatoka upande wa pili. Katika mita 9 zako, nafasi ya tope ni kama lita 7,000, sehemu nyingine ni ya gesi. Gawa 7,000 kwa 222: samadi inakaa siku 31 tu. Vijidudu vinavyotengeneza methani, yaani ile gesi inayowaka, ni wavivu kuzaana, na kwa joto la udongo wa kwenu, ambalo ni nyuzi 23 au 24 hivi, vinahitaji siku 50 hadi 60 kufanya kazi vizuri. Ukivisukuma nje kabla havijazaana vya kutosha, mtambo unazidi kudhoofika kila wiki hata kama hakuna kilichoharibika.

Hili unaweza kulithibitisha kwa pua. Nenda kwenye chemba ya kutolea, chota tope linalotoka. Tope lililoiva halinuki samadi, harufu yake ni kama ya udongo wa bwawa, na inzi hawalitaki. Likinuka samadi mbichi, lina vipande vya majani vya kijani na inzi wamejaa, basi gesi yako unaimwaga shambani.

Lakini hesabu bado haijafunga. Kilo 22 kwa siku 31 zingetoa, tuseme, lita 600, ambazo ni saa moja na nusu ya moto. Wewe hufikishi saa moja. Kuna gesi lita 250 au 300 kwa siku ambayo inatengenezwa na haifiki jikoni. Hapo ndipo pa kutafuta tundu.

Utahitaji kipimo cha presha. Kama hukuwekewa, usitafute cha dukani. Nunua mpira mwangavu wa mita 2 na nusu, upinde kama herufi U juu ya ubao wenye urefu wa mita 1.2, tia maji yenye rangi kidogo mpaka nusu ya mpira, upande mmoja uunganishe na bomba la gesi kwa tii (kiungo cha njia tatu) karibu na jiko, upande wa pili uache wazi. Tofauti ya maji kati ya mikono miwili ndiyo presha yako, kwa sentimita. Mtambo wa kuba ulioshiba hufika sentimita 80 mpaka 100.

Pima bomba kwanza. Fanya asubuhi mapema, jua halijapiga bomba, gesi ikiwa imejikusanya usiku. Funga koki ya jiko, kisha koki kubwa iliyo juu ya kuba, usome kipimo. Tuseme ni sentimita 50. Kaa nusu saa. Bomba la nusu inchi lenye mita 20 lina gesi isiyofika lita 4, kwa hiyo hata tundu dogo sana linajionyesha: maji yatashuka ukiyaangalia kwa macho. Yakibaki palepale, bomba ni zima. Usipime kuanzia jioni mpaka asubuhi kama wengi wanavyoshauri. Gesi ikipoa usiku husinyaa, na bomba lililo juu ya ardhi linaweza kupoteza zaidi ya sentimita 10 bila tundu lolote, ukaishia kufukua bomba zima bure.

Likivuja, chukua maji ya sabuni yenye povu zito na brashi, upake kila kiungo. Anza na koki. Hapa nina dau langu: kama fundi alikuwekea koki ya maji, ile ya kuzungusha gurudumu, basi gesi inapita kwenye shingo ya gurudumu lenyewe. Koki hizo zimetengenezwa kuzuia maji. Gesi hupenya taratibu bila sauti, na harufu kidogo watu huizoea. Weka koki ya mpini, inayofungwa kwa kugeuza robo duara. Kisha angalia viungo vya chuma vilivyofungwa bila tepu nyeupe ya mabomba au kwa tepu mizunguko 2. Zungusha 8 hadi 10, kwa kufuata upande wa kukaza. Mwisho ni mpira wa kwenye jiko, ambao hukakamaa na kupasuka pale penye kibanio, karibu na joto. Kwa vyovyote vile, usitafute uvujaji kwa njiti ya kiberiti.

Bomba likiwa zima, geukia kuba. Hapa mtambo wako una mita ya gesi ambayo wenye mitambo wengi hawaijui: ni chemba ya kutolea. Gesi ikijikusanya chini ya kuba husukuma tope, nalo hupanda kwenye chemba. Pima chemba yako urefu na upana. Tuseme ni mita 1.5 kwa 1.2, eneo ni mita za mraba 1.8. Basi kila tope likipanda sentimita moja, kuna gesi lita 18 mpya ndani ya kuba.

Pika mpaka kipimo kikaribie sifuri, funga koki kubwa, chomeka ufito wenye alama za sentimita ndani ya chemba, na siku hiyo familia irudie sigiri. Usilishe mtambo mpaka umalize. Andika kimo cha tope kila baada ya saa 3 kwa saa 24. Kwa ulishaji wako wa sasa, tope lingepaswa kupanda sentimita 33 hivi kwa siku.

Lakini kuliko jumla, tazama mwendo wake. Likipanda polepole kwa hatua zilezile mchana na usiku, basi kuba haivuji, tatizo ni chakula na maji. Likipanda vizuri saa za kwanza, kisha likaanza kusitasita na kukwama kabla halijafika tundu la kumwagikia, basi kuna ufa: presha inavyoongezeka, ndivyo ufa unavyotoa zaidi, mpaka kinachotoka kinalingana na kinachotengenezwa. Kimo linapokwama kiandike, utamwonyesha fundi.

Kuba huvuja mahali pachache. Pa kwanza ni pale bomba la gesi linapotokea kwenye saruji. Pa pili ni kifuniko, ikiwa mtambo wako ni wa mtindo wenye shingo juu na kifuniko kilichozibwa kwa udongo wa mfinyanzi, mtindo ulioenea Uganda kutoka kwa CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini cha Arusha, Tanzania. Udongo ule lazima ukae chini ya maji muda wote. Maji yakikauka mwezi wa Januari au Februari, udongo unapasuka na gesi inatoka. Jaza maji shingoni, yasimame sentimita 15 juu ya udongo, utazame: mapovu yakitoka mfululizo umepata mwizi wako. Dawa yake ni udongo mpya usio na mchanga, ukandwe kwa mikono kama unga wa chapati mpaka usishike vidole, ushindiliwe pande zote, maji yarudishwe. Funika shingo kwa bati ili mbu wasizalie humo.

Pa tatu watu hawapadhanii: ni udongo uliofunika kuba. Presha ya mita moja ya maji maana yake ni kila mita ya mraba ya kuba inasukumwa kutoka ndani kwa uzito wa tani moja. Matofali na plasta huvumilia kukandamizwa, hayapendi kuvutwa. Udongo wa juu ndio unaosawazisha. Kama mvua imeusomba, au mbuzi wamepafanya kilima chao cha kuchezea na pamebaki sentimita 10, plasta ya ndani itapata nyufa nyembamba kama nywele. Rudisha udongo, usipungue nusu mita, panda nyasi fupi juu yake. Usipande mti karibu. Mizizi ikipata ufa hairudi nyuma.

Moto wa manjano na kurukaruka ni mambo mawili tofauti. Kurukaruka ni maji ndani ya bomba. Gesi hutoka mtamboni ikiwa na unyevu, ikipoa njiani inaacha matone, nayo hukusanyika penye bonde la bomba na kuziba nusu ya njia. Gesi inapita kwa kupiga mapovu, na moto unapumua juu chini. Bomba linatakiwa kuteremka walau sentimita moja kwa kila mita kuelekea mahali pamoja palipo chini kabisa, na hapo pawe na tii yenye koki ya kumwagia maji. Ifungue mara moja kwa wiki, gesi ikiwa na presha, uifunge maji yakiisha. Kama bomba lako limelegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo, liinue kwa nguzo kabla ya kulaumu gesi.

Umanjano ni upungufu wa hewa. Geuza pete ya hewa iliyo chini ya kichomeo mpaka moto uwe wa buluu, mfupi na wenye sauti ya chini. Moto ukiruka juu ya matundu na kuzimika, umezidisha hewa au presha, punguza kwa koki. Kabla ya yote, vua kichomeo ukisugue: matundu yaliyozibwa na uji uliofurika hayatibiki kwa pete.

Sasa nikuulize kitu ambacho hukukiandika. Kupe kwenu mnawanyunyizia wapi? Kama ni hapohapo kwenye sakafu ya banda, dawa ya kupe inaungana na zile jerikeni 10 na kuingia mtamboni. Vivyo hivyo sabuni ya kuoshea vyombo vya maziwa na dawa za kuua vijidudu. Zimetengenezwa kuua, na haziwezi kuchagua kijidudu cha kwenye ndoo na kijidudu chako cha gesi. Nyunyizia ng'ombe nje ya banda, penye mteremko wa kwenda kwingine mbali na mtambo na mbali na kisima. Kuhusu sindano za antibiotiki, kwa mfano za ugonjwa wa kiwele: maziwa unayamwaga kwa siku zilizoandikwa kwenye chupa, na samadi ya ng'ombe huyo iweke kando siku hizohizo. Ng'ombe mmoja kati ya wanne ni sehemu kubwa ya chakula cha mtambo.

Yurea, hapana. Jirani yako amesikia kwamba vijidudu vinahitaji naitrojeni, na ni kweli. Lakini uwiano unaofaa ni sehemu 20 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni, na samadi ya ng'ombe tayari imo humo humo. Yurea ingegeuka amonia, na amonia ikizidi ni sumu kwa vijidudu vilevile unavyotaka kuvisaidia. Yurea ina maana kwa mtu anayelisha mtambo mabua makavu. Sukari, molasi na hamira nazo ziache: zinaleta mapovu ya siku 2, kisha asidi.

Maganda ya ndizi na mabaki ya jikoni yanaruhusiwa, yakikatwa madogo na yasizidi kilo 5 kwa siku, kwa sababu huoza na kuzalisha asidi haraka kuliko vijidudu vya methani vinavyoweza kuila. Majani ya tembo yaliyobaki horini na pumba za mchele za kulalia, usiyatie kabisa. Huelea, hufungamana na kutengeneza blanketi juu ya tope. Likikauka, gesi hainyanyuki chini yake.

Nunua karatasi za pH, zinazoonyesha kiwango cha asidi kwa namba, maduka ya maabara, upime tope la chemba ya kutolea. Ikiwa kati ya 6.8 na 7.5, endelea. Ikiwa chini ya 6.5, acha kulisha kwa wiki moja, ukoroge kilo moja ya chokaa kwenye jerikeni moja ya maji, umimine, upime tena baada ya siku 2. Rudia ikihitajika, si zaidi ya mara 3. Chokaa kwenu Tororo si kitu cha kutafuta mbali.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Achana na makarai, kipimo chake kinategemea siku hiyo kijana ameamkaje. Tafuta ndoo ya rangi ya lita 20. Ikijaa samadi mbichi ina kilo 18 hadi 20. Lengo lako ni ndoo 3 kwa siku, samadi ya siku hiyohiyo, si ya juzi iliyopigwa na jua. Usiruke kutoka kilo 22 mpaka 55 kwa siku moja. Ongeza robo ndoo kila baada ya siku 2, utafika ndoo 3 katika wiki 2 na ushee.

Kijana akwangue sakafu kwa koleo kwanza, bila tone la maji, ajaze ndoo zake. Ndipo asafishe kwa jerikeni 2 au 3, na maji hayo pamoja na mkojo yawe ndiyo maji ya kukorogea. Yanayozidi yaelekezwe kwenye majani ya tembo kwa mfereji wa pembeni. Kizibo cha mti kilichofungwa mpira kinatosha kuchagua mfereji upi ufunguliwe. Samadi na maji viwe karibu sawa kwa ujazo. Mchanganyiko uwe mzito kama uji wa mtama wa kunywa: ukiinua mti unatiririka kwa kamba nene, haudondoki kwa mabonge wala haukimbii kama chai.

Akoroge, avunje mabonge, aondoe nyasi kwa mkono, kisha aache utulie dakika 2 kabla ya kuvuta kizibo. Mchanga utazama. Sentimita 2 au 3 za mwisho chini ya kichanganyio asiziingize, azizoe na kuzitupa, kwa sababu mchanga ukiingia hautoki, na baada ya miaka michache unakuwa umekula mtambo wa mita 9 ukabaki wa mita 7. Halafu apige mti mrefu kwenye bomba la kuingizia, juu chini mara 10 au 15.

Kwa ndoo 3 na maji lita 50, samadi itakaa ndani siku kama 65. Gesi haitapanda kesho. Utaanza kuona tofauti baada ya siku 10, na kiwango kamili baada ya wiki 6 hadi 8. Kama pH ilikuwa mbaya au dawa ya kupe iliingia, ongeza mbegu: jerikeni 10 hadi 20 za tope lililoiva kutoka mtambo wa mtu unaofanya kazi vizuri. Hiyo itakuokolea wiki kadhaa.

Tope litakalotoka, lita 100 na zaidi kwa siku, ni mbolea bora kuliko samadi uliyoingiza, ila naitrojeni yake nyingi ni amonia na hupaa juani. Lipeleke likiwa bichi kwenye vijifereji kati ya mistari ya migomba na majani ya tembo, ufunike kwa udongo. Usiliache likauke bwawani.

Jenereta sikushauri. Mita moja ya ujazo ya gesi katika injini ndogo hutoa umeme kama yuniti moja na nusu. Ukitumia gesi yako yote ya siku, utapata yuniti 3 na jikoni kukabaki na kuni. Tena gesi hii ina haidrojeni salfaidi, ile inayonuka mayai viza, ambayo hula chuma cha injini usipoichuja kwa vumbi la chuma lenye kutu. Gesi mita 2 jikoni zinaokoa makaa kilo 3 kwa siku, na tangu amri ya rais ya mwaka 2023 dhidi ya uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini, nadhani huhitaji mimi nikuambie hilo lina thamani gani.

Baada ya siku 60, rudia kipimo cha ufito. Tope likipanda sentimita 100 kwa siku, au likafika tundu la kumwagikia na kuanza kutoka kabla ya hapo, mtambo wako umepona. Likiendelea kukwama kimo kilekile ulichoandika leo, ndipo umwite fundi, aje na plasta ya kuziba nyufa za ndani.

Hapo, afande, simamia mwenyewe. Mtambo umwagwe wote, kifuniko kitolewe, uachwe wazi siku kadhaa huku hewa ikisukumwa ndani kwa feni kupitia bomba refu. Hakuna sigara wala taa ya mafuta karibu. Anayeingia afungwe kamba kifuani, na juu wasimame watu 2 wenye nguvu za kumvuta. Akianguka, wamvute kwa kamba, wasimfuate ndani. Hewa ya humo humwangusha mtu kwa pumzi chache bila kumwonya, na mara nyingi anayekufa wa pili ni yule aliyeruka kumwokoa wa kwanza.